Nyumba ya mawe inameza waifai: tuongeze kifurushi?

Assalaam alaykum, kaka mshauri.

Naishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe ya wazee wa mume wangu. Chini anakaa mavyaa, juu tunakaa sisi na watoto. Kazi yangu naifanyia nyumbani: nasikiliza rekodi za mahojiano na mikutano, naziandika, nyingine nazitafsiri, kisha natuma. Wateja wangu wako Nairobi na wengine ng'ambo. Kazi naiweza na naipenda, ila intaneti inanishinda.

Tumeunganishiwa na kampuni moja ya hapa hapa. Waliweka antena yao juu darini, wakateremsha waya kwa upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, ukapita mlangoni mwa chumba changu, ukashuka hadi chini kwa mavyaa. Huko ndiko ilikowekwa ruta, ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, nyuma ya sahani zake za kale. Tunalipia megabiti 10. Nikishuka na simu nikakaa karibu na ruta, kipimo chasoma 9. Nikipanda chumbani, simu hiyo hiyo yasoma kama 3. Kompyuta ndiyo msiba: yasoma 1, na mara nyingine hata hiyo haifiki. Kutuma faili moja ndefu ya sauti kunanilia asubuhi nzima. Kwenye mkutano wa video sura yangu inaganda na wenzangu wanasema hawanisikii. Tayari mteja mmoja amenipunguzia kazi. Masika ikiingia, mambo huwa mabaya zaidi.

Kompyuta ni ya mezani, niliinunua Mombasa, imetumika. Haikuwa na waifai, basi muuzaji akanipa kidude kidogo cha USB. Nimekichomeka nyuma ya kompyuta, chini ya meza.

Kila mtu ana rai yake. Mume wangu ataka tupande hadi megabiti 20, na bei yake ni karibu maradufu. Kijana wa duka la simu Langoni asema ninunue ripita niichomeke chumbani. Mimi nilimwomba mavyaa kwa adabu tuihamishe ruta juu. Alinyamaza, nikajua hakupenda. Kila usiku huzungumza kwa video na binti yake aliyeolewa Muscat, na anachelea kumkosa. Sitaki kumuudhi, ni mama yangu. Kutoboa kuta nako mume wangu hataki kusikia.

Halafu kuna vijana wa mtaani wanaokaa kwenye daka letu, baraza la mlangoni, kila jioni na simu zao. Neno la siri walipewa zamani na shemeji yangu. Sijui kama ndio wanaotumaliza.

Nishauri, kaka. Tulipe zaidi?

Dada yako, Mkomani, Lamu

*

Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu.

Msilipe zaidi, angalau kwa sasa. Vipimo ulivyochukua ni vizuri, na peke yake vyaonyesha maradhi yako wapi. Karibu na ruta unapata 9 katika 10, kwa hivyo kampuni inawaletea haki yenu. Simu chumbani inapata 3, basi 6 zimepotea baina ya kidaka cha mavyaa na mlango wako. Kompyuta, katika chumba hicho hicho, inapata 1, basi nyingine 2 zinapotea pale pale mezani pako. Hakuna hata moja ya hasara hizo inayotokana na kifurushi. Kupanda hadi 20 ni kulijaza birika maji ilhali kata ya kutekea imetoboka.

Kwanza nikueleze nyumba yako, kwa sababu ushauri mwingi wa mambo haya umeandikwa na watu wanaoishi katika nyumba za mbao na kuta nyembamba. Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake hufika unene wa nusu mita hivi. Boriti za mikoko hazipatikani ndefu sana, kwa hivyo vyumba vilijengwa vyembamba, upana wa kama mita 3, kimoja nyuma ya kingine: msana, kisha msana mwingine, kisha ndani. Mawimbi ya ruta yakitaka kutoka mbele hadi nyuma ya nyumba yanapita ukuta baada ya ukuta, na yakitaka kupanda juu yanakutana na dari ya boriti, mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Kila kizuizi kinakula sehemu kubwa ya nguvu. Kilichofika kwako ni masazo, na nadhani mengi yake yamepitia kiwandani, mahali pekee palipo wazi.

Mvua nayo hukukosea, ni kweli inachangia. Matumbawe na chokaa hunyonya maji, na maji hufyonza mawimbi ya waifai. Ukuta uliolowa masika nzima unapitisha machache kuliko ukuta mkavu wa kaskazi. Na hizo sahani za mavyaa, ikiwa zimo za shaba au za bati, zinayarudisha mawimbi yalikotoka. Kwa leo, hata kabla ya kufanya jambo lolote jingine, mwombe ruhusa uisogeze ruta mbele ya sahani badala ya nyuma yake, antena zikiwa zimesimama wima. Kidaka ni kile kile, hakuna kilichohamishwa.

Sasa hasara ya mezani, kwa kuwa dawa yake ni bei ya vitafunio. Kidude chako cha USB kiko chini ya meza, kimegusana na sanduku la chuma la kompyuta, na pengine kimepakana na ukuta. Nunua waya wa kurefusha USB, wa mita moja au moja na nusu, ukilete kidude juu ya meza upande unaoelekea mlango na kiwanda. Angalia pia rangi ya tundu ulilokichomeka. Matundu ya USB ya buluu, yale ya kasi, hutoa kelele ya umeme inayoangukia karibu na gigahezi 2.4, na hapo ndipo vidude vidogo vya aina hiyo hufanya kazi. Kitie kwenye tundu jeusi. Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, na ikiwa kompyuta yako ni ya Windows, fungua dirisha la amri uandike netsh wlan show interfaces. Mstari ulioandikwa Signal utakupa asilimia ya nguvu. Soma kabla ya kukihamisha kidude na baada ya kukihamisha. Ningetarajia kompyuta ipande ikaribiane na simu yako.

Hata hivyo megabiti 3 si haki ya mtu anayekula kwa kazi hii, na dawa yako ya kweli umeitaja mwenyewe katika barua, kwa kupitia tu. Waya unatoka darini na kupita mlangoni mwa chumba chako kabla ya kushuka. Yaani intaneti inakupita mlangoni ikiwa nzima, inateremka kwa mavyaa, ndipo inarudi kwako hewani ikiwa imechoka. Ikamate pale inapopita.

Lakini nakuomba sana usimruhusu mtu aukate waya huo na kuuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Waya unaokwenda kwenye antena ya darini mara nyingi haubebi mtandao peke yake, unabeba pia umeme wa kuiendesha antena yenyewe. Angalia chini kwa mavyaa karibu na soketi: kuna kisanduku kidogo chenye matundu mawili, moja limeandikwa POE na jingine LAN. Hicho ndicho kinachopeleka umeme juu. Antena nyingi za aina hii hutumia volti 24 zinazopelekwa wakati wote, bila kujali upande wa pili kumechomekwa nini. Tundu la mtandao la kompyuta likipokea umeme huo laweza kuungua.

Kwa hivyo mwite fundi wa kampuni. Vifaa ni vyao, na hii ni kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye koleo ya kufungia vichwa. Akate waya karibu na mlango wako. Kipande kinachotoka juu akifunge kichwa na kukiingiza chumbani kupitia uwazi uliopo tayari, mlango au dirisha la kiwandani. Kisipofika, akirefushe kwa kiungio. Kile kisanduku cha umeme kihamie kwako, na kipande hicho kiingie kwenye tundu la POE. Kutoka tundu la LAN utoke waya mfupi hadi kwenye ruta, itakayokaa hapo juu. Kompyuta yako nayo iungwe na ruta kwa waya. Kompyuta za mezani karibu zote zina tundu lake kwa nyuma, hata zile za zamani. Ukishafanya hivyo, habari ya kidude na kuta haikuhusu tena wewe unapokuwa kazini.

Kipande cha waya kilichobaki, kile kinachoshuka chini, sasa hakibebi umeme wa antena. Nacho kifungwe kichwa kiingie kwenye tundu mojawapo la LAN la ruta yako. Chini, kidakani pale pale, iwekwe ruta ya pili. Si lazima iwe ya bei, hata iliyotumika inafaa, maadamu ni nzima. Fundi aifanye iwe kituo cha kurusha waifai tu: waya uingie kwenye tundu lake la LAN wala si la WAN, lile la kuingizia intaneti, kazi ya kugawa anwani, DHCP, izimwe, na ipewe anwani isiyogongana na ya juu. Ikiwa ya juu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Ipewe jina na neno la siri lile lile ambalo simu ya mavyaa inalijua. Ya juu irushe kwa chaneli, yaani njia ya mawimbi, namba 1 na ya chini 6 au 11, kwa sababu katika gigahezi 2.4 hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Ikiwa ruta ya juu ina na gigahezi 5, iwashe kwa simu zenu za chumbani. Ina kasi zaidi, ila ukuta mmoja tu wa Lamu unatosha kuikatisha tamaa.

Hapa hakuna tundu jipya ukutani, na mume wako ana haki kulikataa. Mji wa kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na tusiubomoe kwa ajili ya waya. Waya ufuate njia ile ile unayoifuata sasa. Ukihitajika mpya, chagua wa shaba tupu. Ule wa rahisi mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, hukatika upesi na hauvumilii hewa yetu ya chumvi. Sehemu inayopigwa na jua iwe na ganda jeusi la nje. Na fundi akiwa hapo, apande darini akague kichwa cha waya kwenye antena. Pwani vichwa hivyo huota kutu ya kijani, na kutu hiyo peke yake yaweza kukukata mtandao.

Kuhusu mavyaa. Nimesoma mstari wako wa kunyamaza kwake nikamwelewa. Mama mwenye binti ng'ambo haoni ruta kidakani, anamwona mwanawe. Kwa hivyo usirudi kumwomba kuhamisha kitu. Mwache mume wako, ambaye ni mwanawe, amweleze kuwa mnamwekea kifaa chake mwenyewe, palepale, na simu ya Muscat itabaki ilivyo. Ni kweli, kwa sababu waya unamfikishia kasi ile ile. Fundi aje asubuhi, wala msianze kazi baada ya alasiri, ili usiku asikose kuzungumza na binti yake hata kama kuna litakalokwama. Jaribuni simu yake kwanza kabla fundi hajaondoka.

Na jambo moja la kumtunzia: kompyuta yako ikishapata kasi kamili, wewe ndiye utakayeweza kumharibia. Faili kubwa inapopanda, inaijaza njia ya kupakia, na sura ya mtu aliye kwenye video inaganda hata kama njia ya kupakua iko tupu. Faili zako ndefu zipeleke mchana, au baada ya yeye kulala. Soketi itakayotia umeme kile kisanduku na ruta ya juu nayo isizimwe ovyo, watoto waambiwe, kwa kuwa ikizimwa na chini kunazimika.

Ripita ya kijana wa Langoni sikushauri. Ripita hurudia inachokisikia. Ukiichomeka chumbani mwako itasikia masazo na kurudia masazo, na zile za bei nafuu, zinazopokea na kurusha kwa redio moja, hupunguza kasi kwa kama nusu. Ingekufaa tu kama usingekuwa na waya, na hapo ungeiweka penye mawimbi mazuri bado, tuseme kiwandani au kwenye ngazi, si ndani.

Kompyuta yenyewe nayo ikague. Iliyotumika mara nyingi huja na programu za mwenyewe wa kwanza zinazopakia na kupakua kimya kimya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, upange orodha kwa safu ya mtandao, uone nani anakula. Katika mipangilio ya Windows ueleze kuwa muunganisho wako ni wa kulipia kwa kipimo. Masasisho mengi yatasubiri mpaka uyaruhusu mwenyewe. Zima pia ile ruhusa ya kugawa masasisho kwa kompyuta nyingine, kwani hutumia njia yako ya kupakia.

Vijana wa daka usiwahukumu kabla ya kupima. Ile 9 uliipima saa ngapi? Ikiwa ni mchana, pima tena jioni wakiwa wamekaa, ukiwa karibu na ruta. Ikishuka sana, wanachangia. Ingia pia kwenye ukurasa wa ruta uone orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Lakini hata kama hawakupunguzii kasi, neno la siri lazima libadilishwe, na sababu yangu ni kazi yako. Unashika rekodi za watu, mahojiano yao, siri zao. Mtu aliye ndani ya mtandao mmoja na kompyuta yako yuko karibu mno na amana hizo. Tengeneza neno jipya la familia, liwe moja kwa ruta zote mbili na litiwe pia kwenye simu ya mavyaa, usalama uwe WPA2 ya AES au WPA3, kisha fungua mtandao wa wageni. Ikiwa ruta ina uwezo wa kupima, wape megabiti 1 au 2. Huo urushwe na ruta ya juu. Ukirushwa na ile ya chini iliyozimwa kazi ya kugawa, mara nyingi wageni huishia kuingia mtandao mmoja nanyi. Fundi ahakikishe. Mawimbi yakiwafikia hafifu kule dakani, si vibaya. Daka limejengwa kwa ajili ya watu kukaa, wala sikuambii uwafukuze. Shemeji yako aliyewapa neno la zamani ndiye awape lile la mtandao wa wageni.

Yote yakiwa tayari, pima kwa waya kutoka mezani pako, asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa muda wa wiki moja. Fast.com inatosha, na ukibonyeza maelezo zaidi itakuonyesha na kasi ya kupakia. Kumbuka kugawa kwa 8: megabiti 10 kwa sekunde ni kama megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hivyo faili ya megabaiti 150 haiwezi kupungua dakika 2 hata mambo yakiwa mazuri kabisa. Mkutano wa video unataka megabiti 2 hadi 4 kwenda na kurudi. Kazi yako ni ya kutuma kuliko kupokea, basi ukiona bado unabanwa, iulize kampuni swali hili kabla hujataja 20: kupakia mnatupa ngapi? Vifurushi vingi hutangazwa kwa kasi ya kupakua, na ya kupakia huwa ndogo. Ikiwa kifurushi cha 20 kina kupakia kule kule, mume wako na abaki na fedha zake. Ikiwa kinazidisha kupakia, na kazi imeongezeka, hapo lipeni.